Nyembe Tatu na Kisogo cha Mzee Mardochée

Je, wewe unayenisikiliza, umewahi kumwona kinyozi akijinyoa kisogo chake mwenyewe? Usijibu upesi. Jipapase kwanza huko nyuma, pale shingo inapoanzia, halafu uniambie kama jicho lako limewahi kufika hapo. Wahenga walisema kwamba kinyozi hajinyoi. Maana yake ni kuwa hata aliye fundi wa jambo, kuna mahali mkono wake haufiki, na hapo hana budi kumwita mwingine. Lakini kwetu hapa mtaani Ruashi kulikuwa na wakati ambapo watu waliamini kwamba wahenga walikosea. Aliyewafanya waamini hivyo ni Mzee Mardochée.

Kibanda chake kilikuwa kando ya ile barabara ya malori yanayobeba mawe ya shaba. Kilijengwa kwa matofali ambayo hayakupakwa chochote, mlango wake wa bati uliimba ukisukumwa na upepo, na vumbi jekundu liliingia kila lori lilipopita. Ndani yake, hata hivyo, hukuona vumbi. Kulikuwa na kiti kimoja kizito chenye mikono ya mbao, kioo kilichopasuka pembeni, beseni jeupe, burashi ya sabuni yenye nywele laini, na jiwe la shabu la kufungia damu. Ukutani ulining'inia mkanda wa ngozi wa kunolea, mweusi kwa uzee, ambao baba yake, mfanyakazi wa reli aliyetoka kaskazini mwa Katanga, alimwachia pamoja na wembe wa kukunja.

Vijana wenye mashine za umeme walikuwa wengi mtaani. Walinyoa huku muziki ukipiga kelele. Lakini kwetu umeme una tabia ya mgeni asiyeaga; ulipoondoka, mashine zao zilinyamaza na wateja wakabaki na nusu ya nywele. Hapo ndipo ungewaona wakivuka barabara, vichwa vikiwa na madoa kama mbuzi, wakienda kwa Mzee Mardochée, mtu wa maji, sabuni na wembe.

Lililompa sifa zaidi ni kujua nyembe. Watu walimletea nyembe kutoka kila duka azilinganishe.

"Papa Mardochée, jambo sana," mtu angesema. "Unipimie hii. Muuzaji anasema iko ya nguvu."

"Muuzaji anasema," mzee angejibu. "Wembe wenyewe umesema nini?"

Angetoa wembe kwenye karatasi yake polepole, kana kwamba anamvua mtoto nguo. Kwanza angeupitisha juu ya mkono wake, bila kugusa ngozi, aone kama malaika, vile vinywele laini vya mkono, yanakatika hewani. Kisha angepaka sabuni shavuni pa mwenye wembe, akanyoa kidogo huku ameinamisha sikio. Alisema wembe mzuri huimba, sauti nyembamba kama ya mtu anayepasua kitambaa kipya. Ulio mbovu hukwaruza kama mwiko kwenye ukoko wa bukari, ugali wetu.

Mwishowe alibaki na nyembe tatu alizoziamini. Wa karatasi ya kijani ulikuwa mkali tangu mguso wa kwanza, lakini una kiburi. Ukiukandamiza kidogo tu, unakula nyama. Wa karatasi ya bluu ulikuwa mpole, unataka kurudiwa, nao ulifaa shingo zenye vipele. Wa tatu ulikuwa ule wa kukunja wa baba yake. Huo ulidai kunolewa kila asubuhi kwenye ngozi, lakini ukishanolewa ulipita usoni kama kivuli cha wingu.

Na kila Jumamosi jioni Mzee Mardochée alionekana kibarazani kichwa chake kikiwa kimenyolewa, kiking'aa mbele na nyuma, kisogo laini kama yai.

"Nani anakunyoa, Papa?" waliuliza.

"Miye mwenyewe."

"Lakini wazee banasema kinyozi hajinyoi!"

"Hiyo methali aliitunga mtu ambaye hakuwa na wembe mzuri," alijibu. Watu walicheka, wakaamini, na Aristote, muuza makala, yaani makaa ya kupikia, wa ng'ambo ya barabara, akalibeba neno lile mtaa mzima pamoja na magunia yake.

Mzee huyo alikuwa na mke, Mama Mapalo, Mubemba wa upande wa Kasenga, mwanamke wa maneno machache. Walipata mtoto mmoja tu aliyeishi, binti, jina lake Nkandu. Tangu alipokuwa mdogo Nkandu alishika beseni la maji baba yake aliponyoa. Alipokua aliletewa kigoda chake kibandani, akafundishwa kupiga povu, kisha kunoa, na hatimaye kunyoa. Mkono wake ulikuwa mwepesi. Baba hakumsifu mdomoni, ila alipenda kumwachia vichwa vya wazee wenye ngozi nyembamba, na hiyo ilikuwa sifa kubwa kuliko maneno.

Lakini siku moja shetani alipita kibandani. Aliingia katekista wa parokia, Papa Stéphane, amevaa shati jeupe kwa ajili ya misa ya arusi. Mzee alimketisha, akampaka povu, akaanza. Nkandu alikuwa amesimama nyuma, sikio lake limefundishwa na baba yake mwenyewe, na alisikia wembe ukikwaruza. Alisubiri kidogo. Ulikwaruza tena. Tone la damu likashuka, likaanguka kwenye ukosi mweupe.

"Papa," akasema kwa sauti ya chini, "ule wembe umechoka."

Wateja waliokuwa kwenye benchi walisikia. Mzee akageuka, macho yamemwiva kama makala ya Aristote.

"Wembe haujachoka," akasema. "Wewe ndiye umechoka kukaa hapa."

Nkandu alifuta mikono yake, akainua kigoda chake, akatoka. Alivuka barabara ile ya malori bila kugeuka nyuma. Baadaye ikasikika kwamba ananyoa huko mtaa wa Bel-Air, kwenye saluni ya wanawake wawili, na kwamba watu wanapanga foleni.

Wateja walipoondoka, Mzee Mardochée aliuchukua ule wembe, akaupitisha juu ya mkono wake. Hakuna hata laika moja lililokatika. Akautupa kwenye kopo. Alijua kwamba mtoto alisema kweli. Alijua pia neno la kumwambia, neno fupi tu. Lakini likamkwama kooni kama mfupa wa samaki, akaenda kuishi nalo. Misimu ya mvua ikaja na kupita. Kila Jumapili baada ya misa Mama Mapalo alikwenda Bel-Air kumwona binti yake, akampelekea salamu ambazo baba hakuzituma. Jioni alirudi, akamletea baba salamu ambazo binti hakuzituma. Hivyo ndivyo alivyowashika wawili hao, kama mtu aliyeshika ncha mbili za kamba iliyokatika.

Kisha Mama Mapalo akaugua kifua. Hakukaa sana na ugonjwa. Alikwenda kimya kimya, kama alivyoishi.

Turubai likafungwa uani, wanawake wa parokia wakaimba, majirani wakaleta unga na makala. Nkandu alikuja. Alilia upande wa wanawake, akapika, akaosha vyombo, akalala kwenye mkeka pamoja na mama zake wadogo. Baba yake alikaa upande wa wanaume. Walionana kila siku na hawakuzungumza, kila mmoja akimtazama mwenzake pale tu mwenzake alipotazama pengine.

Sasa nieleze desturi, maana bila desturi hii hutaelewa aibu iliyompata mzee. Huko kwa kina Mama Mapalo, mgane, yaani mwanamume aliyefiwa na mkewe, hufuga nywele na ndevu muda wote wa kilio. Hashiki chuma chenye makali. Siku ya kuondoa kilio, mtu wa ukoo wa mke ndiye humnyoa, mbele ya wote. Nywele hukusanywa katika kitambaa cheupe zikazikwa, kisha huambiwa: "Nenda sasa, dada yetu amekuachilia." Asiponyolewa hivyo, huhesabiwa kuwa bado yuko kaburini pamoja na marehemu. Hafungui kazi, hapewi mkono, na nguo za marehemu hazigawanywi. Mama Mapalo mwenyewe alishika desturi hiyo sana; akiwa kitandani mgonjwa alimwambia mumewe, "Usiniache nusu njiani. Wakwetu wakunyoe vizuri."

Siku hiyo ilipokaribia, mzee alianza kukosa amani. Mkubwa wa ukoo, Mwenya, kaka wa marehemu, alikuwa mzee ambaye mikono yake ilitetemeka. "Atanikatakata mbele ya watu," aliwaza. Na mkono mwingine wa ukoo ule uliojua wembe, mjini humu, alikuwa anaujua. Kwa Wabemba mtoto ni wa ukoo wa mama. Lakini kumwomba Nkandu? Afadhali ameze makaa ya moto.

Basi akatafuta njia ya panya. Asubuhi ya siku yenyewe, kabla wakwe hawajafika kutoka Kasenga, alijifungia ua wa nyuma na vioo viwili, beseni na zile nyembe zake tatu. Alikusudia ajinyoe vizuri kichwa chote, abakize kifungu kidogo tu cha nywele utosini, ili shemeji yake apitishe wembe hapo mara moja na desturi iwe imetimia.

Alianza na wa kijani. Mbele pakaenda vizuri, pembeni pakaenda vizuri. Akafika nyuma. Akainua kioo kimoja nyuma ya kichwa na kutazama katika kile cha mbele. Alipotaka kwenda kulia, mkono ulikwenda kushoto. Alipotaka kushuka, ulipanda. Wembe wenye kiburi ukala nyama.

"Wembe mbovu huu," akanung'unika, akatia wa bluu kwenye kishikio. Ule mpole ulimsamehe mara mbili, mara ya tatu ukateleza juu ya mfupa. Akauweka chini. Akanoa wembe wa baba yake kwenye ngozi, kwa uangalifu wote, akiomba Mungu. Nao ukachora mstari mrefu kutoka sikioni hadi shingoni.

Hapo akaketi kwenye jiwe la kufulia, maji ya sabuni yakimtiririka mgongoni, yenye rangi ya waridi. Ndipo akakumbuka kitu ambacho si kwamba alikuwa amekisahau, bali alikuwa amezoea kutokihesabu. Miaka yote ile hakuwahi kujinyoa kisogo. Kila Jumamosi, katika ua huu huu, juu ya jiwe hili hili, Mama Mapalo ndiye aliyesimama nyuma yake akamalizia. Alinyoa bila kusema, akampangusa kwa ncha ya kitenge chake, akamwaga maji, akaingia jikoni. Naye akatoka kibarazani kwenda kusifiwa. Mke alimsikia akisema "miye mwenyewe", na hakuwahi kumkanusha hata mara moja.

Aristote, aliyekuwa analeta gunia la makala kwa wapishi, alichungulia juu ya ukuta.

"Papa! Ni nani amekupiga?"

"Hakuna mtu amenipiga."

"Basi ni paka? Kichwa chako iko sawa na barabara ya Kasenga wakati wa mvua!"

"Aristote, leta kitambaa na ufunge mdomo."

Aristote akaleta kitambaa. Mdomo, hilo lilimshinda. Lakini alipoona machozi ya mzee yamechanganyika na sabuni, hata yeye akanyamaza.

Wakwe wakafika, wamepanda nyuma ya gari la samaki, wamechoka, wamejaa vumbi. Walisalimu, wakapewa maji, wakaketi. Misa ilisomwa. Mkeka ukatandikwa katikati ya ua, na mgane akaitwa. Mzee Mardochée akatoka amefunga kitambaa kichwani kama mwanamke anayekwenda shambani. Wanawake wakatazamana.

"Bulamu," akasema Mwenya, kwa maana ndivyo mashemeji wanavyoitana kwao, "fungua tuone kazi inayotungoja."

Kitambaa kikafunguliwa. Utosini kifungu cha nywele kilisimama peke yake kama kichaka kilichosahauliwa na moto. Nyuma, mabaka na mikato.

"Ni nani amekunyoa?"

"Miye mwenyewe."

Ni maneno yale yale ya kibarazani. Safari hii hakuna aliyecheka.

"Na hicho kilichobaki juu, ni cha nini?"

"Ni chenu," mzee akajibu kwa sauti iliyopotelea kifuani.

"Bulamu," akasema Mwenya, "kilio si uwanja, eti uufagie peke yako halafu utuachie sisi jani moja tuokote. Dada yangu alikupikia, alikuzalia, alikuzikia watoto. Leo umeona mkono wa kwao haufai hata kukugusa?"

"Hapana, bulamu. Sikutaka vile."

"Ulitaka nini?"

Mzee akainama, akapanga upya zile nyembe zake tatu kwenye sahani iliyowekwa mkekani.

Wazee wa ukoo wakakaa kando kushauriana. Wengine walisema kilio kisiondolewe. Nywele ziote tena, wao warudi Kasenga, wataitwa siku nyingine. Mama mmoja akaanza kufunga mzigo wake. Nguo za marehemu zilikuwa zimekunjwa juu ya kiti, kitenge chake cha Jumamosi kikiwa juu kabisa, na ilionekana wazi kwamba zitarudi sandukuni. Mzee alikitazama kile kitenge. Alimsikia mkewe akisema, usiniache nusu njiani.

Mwenya akarudi. "Bahati yako ni kisogo," akasema. "Huko nyuma hukumaliza. Dada yangu bado ameng'ang'ania pale. Kwa hiyo kazi bado ipo. Lakini kwetu mgane halazimishiwi mkono. Analomba mwenyewe, kwa jina. Taja."

"Wewe, bulamu. Wewe ndiye mkubwa."

Mwenya akainua mikono yake yote miwili mbele ya watu. Ilitetemeka kama majani ya muhogo kwenye upepo. "Mikono hii haifikishi kikombe cha chai mdomoni kikiwa kimejaa. Ukoo wetu una mkono mwingine hapa uani. Unaujua. Taja."

Jua lilipanda. Barabarani lori likapita, vumbi lake likashuka juu ya turubai. Nkandu alikuwa jikoni, amesimama mbele ya sufuria ya bukari, mwiko mkononi, bila kukoroga.

Mama Kapinga, jirani aliyetoka Kasai, ambaye hakuumbwa kwa ajili ya kuvumilia kimya, akasema kwa nguvu, "Ee Papa Mardochée! Kumbe mdomo unauma kupita kisogo?"

Watu wakaguna. Mzee akainamisha kichwa, na wote wakaona vizuri yale majeraha.

"Nkandu," akasema.

Nkandu hakusogea. Uso wake ulikuwa mgumu kama wa mama yake. "Nimesikia jina, Papa," akajibu kutoka jikoni. "Neno bado sijasikia."

Kwa mzee ilikuwa kana kwamba anavuta ndoo nzito kutoka kisima kirefu.

"Mwanangu, nakulomba. Uninyoe."

Nkandu akaweka mwiko. Alinawa mikono hadi kwenye viwiko, polepole, kama alivyofundishwa. Akaja, akapiga magoti mbele ya mjomba wake Mwenya kupokea ruhusa, kisha akasimama nyuma ya baba yake.

"Na wembe gani?" akauliza.

Mzee akaonyesha sahani iliyokuwa na zile nyembe tatu. "Tafuta mwingine," akasema. "Hizo zote zimekufa. Zimenikata."

Nkandu akaiinua sahani. Akaweka wa kijani kwenye kishikio, akaupitisha juu ya mkono wake. Malaika yakaanguka bila ngozi kuguswa. Akafanya vivyo hivyo kwa wa bluu. Akaufungua wembe wa babu yake, akaupeleka karibu na sikio, akaugusa kwa ukucha wa kidole gumba. Watu wote walingoja, hata wale ambao hawakujua wembe ni nini zaidi ya kukatia kucha.

"Yama," akamwambia mjomba wake, lakini sauti yake ilikuwa ya kusikiwa na wote, "hizi nyembe zote tatu ni nzima. Huu ni mkali, huu ni mpole, na huu wa babu hauna mwenzake. Siku ile nilisema wembe umechoka, kwa sababu ulikuwa umechoka. Leo nasema hazina kosa, kwa sababu hazina."

Mzee Mardochée alifumba macho. Alikuwa amelinganisha nyembe maisha yake yote, na hakuna hukumu iliyomwingia kama hiyo.

Nkandu akachagua wa bluu, ule mpole, kwa sababu ya majeraha. Alipiga povu hadi likasimama. Kwanza aliondoa kile kifungu cha utosini, kikaangukia kitambaa cheupe. Kisha akahamia nyuma. Akaweka kidole gumba cha kushoto nyuma ya sikio la baba yake, akaivuta ngozi juu kidogo, akapuliza pumzi fupi kuondoa povu, na ndipo akashusha wembe.

Mzee akashtuka kama aliyeguswa na maji ya baridi. Kidole kile, mahali pale. Pumzi ile.

"Ulijuaje kuanzia hapo?" akauliza kwa mnong'ono.

"Mama alianzia hapo," Nkandu akasema. "Kila Jumamosi. Ni nani alikuwa anashika beseni?"

Neno lile likaenda kutoka mkeka hadi mkeka. Aristote, mtu aliyelibeba lile neno jingine mtaa mzima, akashika kichwa chake kwa mikono miwili, akasema polepole, "Kumbe ni Mama Mapalo!" Wala hakuongeza mzaha wowote. Wanawake wa parokia wakaanza kuimba, si kwa sauti, kama watu wanaojiimbia wenyewe wakipepeta unga.

Wembe uliimba pia. Ulikuwa ule ule ulioteleza asubuhi. Sasa sauti yake ilikuwa nyembamba na safi, na kila aliyekuwa karibu aliisikia. Nkandu alipita pembeni mwa kila jeraha kama mama anayepita na taa chumba wanamolala watoto. Alipomaliza alibonyeza jiwe la shabu juu ya mikato, mmoja baada ya mwingine. Mzee hakulalamika. Kisha akatazama huku na huku atafute kitambaa cha kupangusia, asikione. Akanyoosha mkono, akachukua kile kitenge cha Jumamosi juu ya kiti, akampangusa baba yake kisogo kwa ncha yake.

Mwenya akafunga nywele katika kitambaa cheupe. Akaweka mkono wake unaotetemeka juu ya kichwa kile kilichonyolewa, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mkono ukatulia kidogo.

"Nenda sasa, bulamu," akasema. "Dada yetu amekuachilia. Ila kuna swali langu moja hukulijibu. Nilikuuliza ulitaka nini."

Mzee aligeuka pale pale kwenye mkeka, taratibu, hadi akawa anamtazama binti yake. Nkandu alikuwa bado ameshika wembe, povu likikauka vidoleni.

"Siku ile ulipoinua kigoda chako," akasema Mzee Mardochée, "nilitaka kukuita. Ulivuka barabara, nikasimama mlangoni. Nilitaka kusema: rudi, wembe umechoka kweli, umesema kweli. Nikasubiri ugeuke. Na kila Jumapili mama yako aliposhika njia ya Bel-Air, nilitaka kumwambia, mlete. Sikusema. Yeye peke yake alijua, ndiyo maana aliniletea salamu kwa jina lako. Kigoda chako, mahali pake pako wazi. Sikuweka kitu pale. Nilichotaka, mwanangu, ni urudi ukae nyuma yangu, kwa maana wewe unaona nisipoona. Wazee walisema, nami nikawacheka. Hawakukosea: kinyozi hajinyoi."